Kabati Lililoliliwa

Vijana wanaofunga ndoa siku hizi hupenda kuja kwangu kuniuliza, "Mama, kabati la zamani huchaguliwaje?" Wameliona langu chumbani, droo sita, mbao ya mvule, na wanataka la namna hiyo. Nawajibu vizuri sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili hunipandisha hasira, na nikipandwa na hasira nashindwa hata kumeza chai. Leo naandika zote mbili nimalizane nazo.

Kwanza, usiangalie mbele. Mbele ya kabati ni uso, na uso kila mtu huunawa akijua wageni wanakuja. Vuta droo moja mpaka itoke kabisa, igeuze, utazame mgongo wake. Fundi mvivu huonekana mgongoni. Tazama kona: kama mbao zimeng'atana zenyewe kama vidole vya mtu aliyefumbata mikono, endelea. Kama ni misumari mitupu, weka chini uende zako. Ingiza pua ndani unuse. Harufu ya mafuta ya mbao ni sawa, harufu ya panya haitoki hata ukiosha kwa sabuni mwaka mzima. Halafu piga magoti utazame miguu na sakafu iliyo chini yake, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukikuta unga mwembamba kama wa muhogo, huyo ni dumuzi, anakula mbao kutoka ndani. Utanunua kabati mwezi huu, na mwaka ujao utabaki na rangi tu.

Hayo nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa seremala Masara, enzi za migodi ya dhahabu. Alitengeneza nguzo za kuzuia mashimo yasibomoke, alitengeneza milango ya nyumba za makarani, na mashimo yalipobomoka alitengeneza majeneza. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kumshikia mbao. Alikuwa akisema mbao haijui kudanganya, anayedanganya ni fundi.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa nimeolewa upande wa Migori, na nilikuwa mwalimu. Mwalimu aliyesomea, nisikilizeni vizuri. Nilikaa chuoni miaka miwili, nikafaulu, nikapewa cheti chenye jina langu kwa wino mweusi na muhuri mwekundu wa kubonyea. Katika boma lile la wakwe zangu hakuna mwingine aliyekuwa na karatasi kama hiyo, mwanamume wala mwanamke. Mume wangu alikuwa na kazi ya reli Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine asije.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, nzuri, imekandikwa vizuri, lakini ilisimama juu ya mchwa. Sijui nani aliyechagua uwanja ule. Mchwa walikula pindo la gauni langu la harusi. Walikula Biblia ya mama yangu kuanzia mwisho, wakafika katikati nikawawahi. Cheti nilikiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na sanduku lenyewe lilikuwa limeanza kuliwa na kutu chini. Kila Jumamosi nililiinua, nikafagia, nikamwaga majivu na mafuta ya taa, nikalirudisha. Jumamosi moja ikipita bila hayo, kufikia Jumatano unaona udongo mwekundu unapanda kwenye bati kama kamba.

Ndipo ikatoka habari kwamba walimu wote wanaandikwa upya. Kila mwalimu apeleke cheti chake chenyewe Homa Bay, kitazamwe, jina liingizwe kitabuni. Asiye na cheti atahesabiwa mwalimu asiyesomea. Tulipewa mpaka mwisho wa muhula, na zamu ya shule za kwetu ilikuwa wiki ya mwisho. Nikasema, basi, kabla mchwa hawajaniwahi, natafuta kabati. Lenye miguu mirefu, lisimame juu, na droo moja iwe na ufunguo.

Homa Bay wakati huo palikuwa na vyombo vya kila namna, maana Wahindi kadhaa wenye maduka walikuwa wanahama na kuuza vya ndani. Nilikwenda kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga nyumba nyuma ya duka lao, hatua chache kutoka ziwani. Alinionyesha kabati lenye kioo, linang'aa, maua yamechongwa pembeni. Watu walikuwa wamelizunguka. Mimi nikavuta droo. Misumari! Nikainama, unga wa dumuzi ule, mweupe, kwenye mguu wa nyuma. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini seremala yeyote atakwambia kwenye mnada mambo hugeuka. Nikauliza lile lililo kule kwenye kona, lililowekewa debe la mchele juu yake, ni la nani.

Yule mama akacheka. "Hilo la mama mkwe wangu. Zamani sana. Sura mbaya."

Sura mbaya! Lilikuwa refu na jembamba, jeusi kwa moshi wa taa, droo moja juu ya nyingine, ile ya juu ikiwa na tundu la ufunguo. Nilivuta droo ya kwanza, ikatoka bila kelele. Kona zimeng'atana. Mgongo wake umepigwa randa laini kama mbele. Nikanusa, nikasikia karafuu na mafuta ya nazi. Nilisimama pale nikamkumbuka baba, ambaye alikuwa ameshakufa, nikatamani angekuwepo aliguse. Yule mama aliniona jinsi nilivyoshika ile droo, akapokea pesa zangu, akanipa ufunguo, na shuka jeupe la kulifunika, akasema mama mkwe wake angefurahi likienda kwa mtu anayejua.

Sasa ngojeni niwaambie kosa langu, maana na mimi ninalo.

Kabati la droo halibebwi limesimama. Droo zitatoka, miguu itavunjika. Baba alinifundisha: lilaze chali, lifunge kamba, lifunike, lipitishie miti miwili chini, watu wanne mabegani. Lori la wachuuzi wa samaki lilitushusha njia panda alasiri. Nikapata wanaume wanne pale barabarani, nikawapanga kama baba alivyokuwa akipanga watu wake. Chali, kamba, shuka jeupe, miti miwili. Mimi nyuma, kitambaa nimejifunga kichwani kwa ajili ya vumbi, viatu mkononi kwa sababu vilinibana, na nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele na watu wa lori njia nzima mpaka sauti ikakauka.

Mmeshaona. Mimi sikuona.

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye shamba la mtama juu ya mlima. Mwanawe yuko Kisumu kwenye magari moshi, mwezi huo hajarudi. Anatazama chini, anaona wanaume wanne wamebeba kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe, na mke wa mwanawe anafuata nyuma miguu mitupu, kichwa kimefungwa. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu. Mama akatupa jembe akapiga nduru, ule ukemi wa msiba. "Uuuwi! Mwanangu! Uuuwi!" Boma la pili likajibu. La tatu likajibu. Kabla hatujafika langoni mlima wote ulikuwa unalia.

Nilipiga kelele, "Ni kabati! Ni kabati jamani!" Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Na waliosikia walidhani nimerukwa na akili kwa uchungu. Wanawake wawili walinishika wakanikalisha chini kwa nguvu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja mbio kutoka boma lake ng'ambo ya kijito, mkuki mkononi, akiyafukuza mauti kama wanaume wa kwetu wafanyavyo msibani. Mtu mwenye duka, mwenye kofia ngumu ya sola kama ya mkoloni, mwenye kikohozi cha kujitangaza kabla hajaingia mahali. Alijitupa juu ya kabati langu. Akalikumbatia. Akalia kwa sauti, "Ndugu yangu umeniachia nani!" mbele ya watu mia. Kamba ikalegea, shuka likateleza, na droo ya chini ikatoka ikamgonga goti.

Watu walicheka. Mungu anisamehe, nami nilicheka. Hata mama mkwe, machozi yakiwa bado yanamtiririka, alicheka akakaa chini. Ingeishia hapo tungekuwa na hadithi ya kuchekeshana mpaka uzeeni.

Lakini shemeji hakucheka. Alisimama akapangusa vumbi, akatazama wale waliokuwa wanamcheka, na nikaona uso wake ukibadilika. Mwanamume amelilia kabati hadharani. Sasa itabidi kilio kile kiwe na maana, ama sivyo atachekwa kila siku ya soko mpaka afe. Akakohoa. Akasema, "Hili si jambo la kucheka. Nduru imelia kwa mtu aliye hai. Nani hapa hajui hiyo ni nini?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua. Chira ni laana ya mwiko uliovunjwa, haina daktari, mtu hukonda tu akafa. Akaendelea, sauti ya taratibu, sauti ya dukani. Sanduku lililoliliwa haliingii nyumbani kwa aliyeliliwa. Na mke aliyekwisha kuliliwa kama mjane haingii nyumba ya mumewe mpaka mume mwenyewe arudi, aingie wa kwanza, achinje, ale. Wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali. Mlango wangu ukafungwa kwa kamba ya katani mbele ya macho yangu. Na kabati? "Mimi nitaubeba huo mzigo," akasema. "Mimi ni mkubwa. Likae kwangu, kama lina baya liniangukie mimi." Watu wakamsifu! Wale wanaume wanne wakaliinua tena, chali vilevile, wakalivusha kijito. Ala!

Nilimwambia, "Shemeji, sawa, kabati chukua. Lakini nina karatasi moja ndani ya nyumba. Nifungulie nitoe karatasi hiyo moja."

"Karatasi itakimbia?"

"Mchwa."

"Mchwa na uhai wa mume wako, unachagua nini?"

Mama mkwe alinishika mkono akanisihi. Aliniambia, "Mwanangu, nimemlilia kwa mdomo wangu mwenyewe. Usinitie hofu zaidi." Mama huyu hakuwahi kunitendea ubaya. Nikalala kwake. Tukatuma neno Kisumu kwa mtu wa basi, likachelewa, tukatuma la pili.

Kamba ile ya katani ningeweza kuikata kwa kisu cha jikoni. Niliipita kila asubuhi nikienda shule na kila jioni nikirudi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, wakati mchwa wana kazi nyingi. Jumamosi ya kwanza ilipita bila majivu. Ya pili ikapita. Nilikuwa nasimama mlangoni kama mwizi, nasikiliza. Na sikuikata. Mimi niliyesomea, niliyefundisha watoto wa watu kwamba malaria inatoka kwa mbu, niliogopa kwamba nikikata kamba mume wangu atakanyagwa na gari moshi. Shemeji nimemkasirikia miaka yote hii, lakini yule mwanamke aliyesimama mlangoni na kisu kikiwa jikoni, naye sijamsamehe.

Mume wangu alikuja siku ya ishirini na moja. Mzima, mnene kidogo, amebeba mikate. Watu walimgusagusa kama wananunua ng'ombe. Alichinja jogoo, akaikata kamba, akaingia, akatoka, akasema, "Haya, nimefufuka," na watu wakafurahi. Mimi nilimpita mlangoni nikaenda moja kwa moja chini ya kitanda.

Sanduku halikuinuka. Lilikuwa limeshikana na ardhi. Nilipovuta, upande wa chini ulibaki sakafuni. Ndani kulijaa udongo mwekundu, umepangwa vizuri na wenyewe, vyumba na njia. Nilipekua kwa vidole. Nilipata kipande kinachotosha kiganja cha mtoto, chenye nusu ya muhuri. Jina langu halikuwepo.

Mume wangu alichungulia. Akasema, "Pole. Lakini si ni karatasi tu? Utaandikiwa nyingine."

Karatasi tu! Niliandika barua chuoni mara tatu. Chuo kilikuwa kimefungwa, madaftari yake yamepelekwa mahali, na kila niliyemwandikia alijua mtu mwingine anayejua mahali hapo. Homa Bay walinitazama kwa huruma, wakakitazama kile kipande cha muhuri, wakaandika walichotakiwa kuandika. Mwalimu asiyesomea. Muhula uliofuata nilipewa darasa la kwanza, nikawekwa chini ya kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha b na d.

Na kabati, je? Nilimwambia mume wangu twende tukalichukue, si umeshafufuka? Akasema, "Kaka ameshalipangia vitu. Tusigombane na kaka kwa ajili ya mbao." Alikuwa mtu mwema, mume wangu, na wema wake wote uliishia mlangoni kwa kaka yake. Kwa hiyo kabati lenye laana, lililoogopwa na mlima mzima, likakaa kwa shemeji sebuleni, limepakwa rangi ya viatu, na redio juu yake. Hakukonda. Alinenepa.

Ikapita zaidi ya mwaka. Ndipo wakaja watu wa kupima mashamba, kuweka mipaka. Asubuhi moja ya Jumapili shemeji alimtuma mkewe aniite. Nikavuka kijito nikamkuta amekaa, amevaa kofia ndani ya nyumba. Alikuwa na barua kutoka kwa watu wa mipaka, ya Kiingereza, na yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka ukaingia kwenye mtama wake. Alikuwa ameambiwa ndani ya barua kuna siku ya kwenda kulalamika, lakini hakujua ni siku gani, na mambo ya shamba hakutaka yajulikane nje ya familia.

"Nisomee, shemeji," akasema. Akachomoa ufunguo shingoni. Ufunguo wangu. Akafungua droo ya juu.

Nilitazama ndani. Kulikuwa na kadi yake ya ubatizo. Leseni ya duka. Risiti za kodi za tangu enzi za mkoloni, zimefungwa kwa uzi. Kila karatasi ilikuwa nyeupe na kavu, kona zake zimesimama, hata harufu ya karafuu ilikuwa bado inatoka. Yule fundi asiyejulikana alikuwa amefanya kazi yake barabara.

Alininyooshea barua. Nikaficha mikono nyuma kama mtoto.

"Siishiki."

"Kwa nini?"

"Imetoka kwenye sanduku la marehemu, shemeji. Sanduku lililoliliwa. Nikisoma ya maiti mume wangu atakonda afe. Unachagua nini, shamba lako au uhai wa ndugu yako?"

Alifungua mdomo, kikohozi hakikuja. Mkewe alikuwa mlangoni na bakuli la ugali, nikamsikia akiguna. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Alinibembeleza, akanikumbusha heshima, akasema atamwambia mume wangu. Nikamwambia amwambie. Nikamwambia pia nitasoma barua hiyo siku nitakapoiona imewekwa ndani ya nyumba yangu, kwenye droo yangu, na kabati litembee kwenda kwangu limesimama, bila shuka, mchana, mama akitazama. Nikarudi zangu nikapika.

Lilikuja Jumanne. Wanaume wanne walihangaika nalo kwenye kijito, kwa sababu nimeshawaambia, kabati la droo halibebwi limesimama. Mguu mmoja ulipasuka. Sikujali, mguu unaungwa. Shemeji alitembea mbele, amevua kofia, kila aliyekutana naye akimuuliza leo nani amekufa. Mama mkwe alitoka akasimama uani. Aliingia kwake akarudi na kitambaa na mafuta ya samli, akapiga magoti akaanza kufuta ile rangi ya viatu, droo moja baada ya nyingine, na mimi nikapiga magoti upande wa pili.

Nilimsomea barua. Siku yenyewe ilikuwa bado. Alikwenda, akapata mtama wake. Alinishukuru kwa sukari kilo mbili.

Basi ndivyo kabati la zamani huchaguliwa. Vijana wakishanisikiliza huuliza mbona droo ya juu huwa naifunga, kuna dhahabu ya Masara humo? Nawaambia hakuna dhahabu. Nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, asiyesomea, kitabuni hivyo hivyo. Siku ile kabati lilipoingia, nilitandika karatasi safi ndani ya droo ile, kavu, haina hata mchwa mmoja, nikaweka nilichokuwa nacho cha kuweka. Ni kipande cha kutosha kiganja cha mtoto, na nusu ya muhuri.